Masika ya Kontra Mbili

Albertville, Jumapili, 3 Novemba 1963

Jana shampiona ya basketi ilimalizika kwenye kiwanja cha mapadri. Ekipe ya bandari, Éclair, imechukua kombe, na aliyelileta ni bwana yangu, Élisée. Hata wale wa ekipe ya gari la moshi, walioshindwa, walimbeba mabegani.

Leo baada ya misa sikuweza kutoka mlangoni mwa kanisa. Kila mtu ana swali lile lile: "Mama Sera, bwana yako anabaki ao anatuacha?" Kontra yake, mkataba wake na Éclair, inakwisha na mwaka. Bandarini anapima mizigo kwenye mizani, lakini kazi ile aliipata kwa sababu ya mpira, na nyumba tunamolala tuliipata kwa sababu ya mpira. Mimi nafundisha mwaka wa kwanza kwa masista, na mwalimu wa kike aliyeolewa hapewi nyumba. Kwa hiyo swali la watu ni letu pia, mimi na mtoto wetu Séraphine.

Niliwajibu kwamba sijui. Ni kweli, sijui.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Wanafunzi walifika nusu.

Jumamosi, 9 Novemba

Sokoni. Nilikwenda kutafuta ndakala, wale dagaa wa ziwa, na majani ya sombe, nikakuta mzozo. Muuza chumvi anasema Élisée abaki, kwani Éclair ilimtoa kwenye mitumbwi ya baba yake huko Baraka ikamfanya mtu. Kinyozi anasema mchezaji ana miaka michache tu, akipata pakubwa aende.

"Na wewe ungeacha mizani ya bandari?" muuza chumvi akamuuliza.

"Mizani haikimbie. Miguu njo inakimbia."

Wakacheka. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na kikapu changu. Walibishana juu ya miguu ya bwana yangu, nyumba yangu na mji ambamo mtoto wangu atakulia, na hakuna aliyenigeukia. Nilinunua ndakala nikarudi nyumbani.

Alhamisi, 14 Novemba

Papa Jérôme amekuja. Ni mkubwa wa magala ya bandari na prezida wa Éclair, mtu mnene asiyeketi mpaka apangusiwe kiti. Alikuja na kontra mpya ya miaka miwili.

"Élisée, mutoto wangu," akasema, "nilikukuta unanuka samaki. Nilikupa mizani, nilikupa nyumba. Sasa nasikia watu wa Usumbura wanakutafuta."

"Papa, mimi pia nasikia tu kama wewe."

"Basi tia sahihi, tusisikie tena."

Élisée aliomba muda wa kufikiri. Papa Jérôme akatazama juu, pale bati linapovuja, na beseni letu chini yake. "Ile bati tunaweza kuitengeneza," akasema. "Nyumba ya muchezaji haistahili kuvuja." Alilitia mkazo neno *muchezaji*.

Alipoondoka nilikuwa nimekasirika. Yule ni mtu wa kumfunga mwenzake kwa bati moja.

Ijumaa, 15 Novemba

Beseni limejaa mara mbili.

Jumapili, 24 Novemba

Mgeni wa Usumbura, mji wa kaskazini mwa ziwa, ameshuka na masua, ile meli ya jana. Anaitwa Adalbert, mwandishi wa komite ya ekipe kubwa ya huko. Suti ya kijivu, viatu vilivyopita katika matope yetu bila doa, sijui kwa namna gani. Tulimpikia kuku na bukari, ndiyo ugali wetu. Anakula kwa adabu na anasikiliza mtu anaposema, jambo ambalo Papa Jérôme halijui.

Alieleza: kazi katika biro, ofisi ya karakana, nyumba yenye bomba la maji ndani, michezo mpaka Kigali na Kampala. Élisée aingie baada ya Pasaka. Daktari wao atamwangalia kwanza, ndiyo desturi yao.

Nikauliza, "Na mimi, kule nitafanya kazi gani?"

Monsieur Adalbert alitabasamu. "Mama, wewe utapumzika."

Élisée alifurahi kwa ajili yangu. Mimi niliondoa sahani.

Jumamosi, 30 Novemba

François alikuja kutuona. Ni kapiteni wa Éclair na baba wa ubatizo wa Séraphine, na kama kuna mtu ninayemwamini mjini hapa ni yeye. Anamshauri Élisée aende. "Mimi niko na miaka ya muzee sasa," akasema. "Hakuna aliyenitafuta wakati wangu." Hakusema kwa wivu.

Jumapili, 8 Desemba

Imetokea.

Waliingia mazoezini baada ya mvua, ingawa Padri aliwaambia simenti ya kiwanja bado ina maji. Élisée aliruka, na aliposhuka mguu wa kuume uliteleza nje na goti likageuka ndani. Alinyanyuka mwenyewe. Aliwaambia wenzake ni mshtuko tu, akatembea mpaka nyumbani kama mtu asiyeumwa, na alipofunga mlango akaanguka kwenye mkeka.

Goti lilikuwa limejaa kama tikiti. Nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi.

"Usiambie muntu," akasema.

"Hata François?"

"Hata François. Hata masista. Mama Sera, kama wakijua, hakuna kontra, si ya hapa, si ya kule."

"Na hospitali?"

"Hospitali ina milango mingi. Habari itatoka."

Bandarini nimetuma neno kwamba ana malaria.

Ijumaa, 13 Desemba

Anaweza kukanyaga. Hawezi kukunja.

Ijumaa, 20 Desemba

Ametia sahihi kwa Papa Jérôme. Miaka miwili. Alikwenda kwa miguu mpaka biro, polepole, akasema malaria imemwacha na udhaifu. Mchana wafanyakazi wawili walikuja na bati mpya. Jioni mvua kubwa ilinyesha na hakuna tone lililoingia ndani. Nilikaa katikati ya chumba nikaisikiliza juu. Naandika ukweli: nilifurahi.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Kuku, mchele. Watu wengi kanisani. Élisée hakupiga magoti, alisimama nyuma.

Jumatatu, 6 Januari 1964

Leo nimejua jambo ambalo lilinifanya niache chakula motoni mpaka kikaungua.

Mke wa baharia wa masua aliniletea kitambaa. "Zawadi kutoka kwa Monsieur Adalbert," akasema, "kwa kushukuru sahihi." Nikamwambia amekosea nyumba. Akasema hapana, bwana wake mwenyewe aliibeba kontra ya Élisée mpaka Usumbura kabla ya Noeli.

Nilimngoja Élisée. Alipoingia niliweka kitambaa mezani.

"Umetia sahihi pande mbili," nikasema.

Alikaa chini, akanyoosha mguu. Hakukana.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu muntu mwenye goti moja anahitaji kontra mbili."

"Na siku watakapokutana?"

"Pasaka ni mbali. Goti likipona, nitachagua. Lisipopona huku, labda kule daktari atakuwa muzuri. Moja ikivunjika, nyingine inabaki."

Nilimwambia huo ni uongo mara mbili, na kwamba mimi na mtoto tumeketi juu yake. Akanijibu kwa sauti ya chini. Alinikumbusha baba yake, aliyevuta nyavu za tajiri mmoja wa Baraka mpaka kamba ikamkata vidole. Wiki ile ile mtu mwingine alipanda mtumbwi ule. Hawakumfukuza. Waliacha tu kumwita.

"Mimi sitaki waache kuniita," akasema.

Bado nimekasirika, na bado nalisikia lile neno lake. Yote mawili.

Jumanne, 14 Januari

Mvua. Séraphine ana kikohozi.

Jumapili, 19 Januari

Radio ya Usumbura imesoma habari za michezo, na jina la Élisée limo: mchezaji mpya kutoka Albertville. Kulikuwa na radio kwenye kila baa ya mji. Kabla ya misa ya pili kwisha kila mtu alishajua.

Jumatatu, 20 Januari

Papa Jérôme alimwita biro. Élisée anasema hakupigiwa kelele. Papa Jérôme alimuuliza tu, "Nilikukosea wapi?" akarudia, kisha akamwambia atoke. Nilidhani angefurahi kupata sababu ya kutufukuza. Kumbe ameumia.

Mjini sasa kuna kambi mbili. Wa kwanza wanasema sahihi ya Éclair ndiyo sahihi. Wengine wanasema ya kwanza ni ile ya Usumbura, kwa kuwa iliandikwa siku mbili kabla. Mwalimu mwenzangu Angélique amegombana na dada yake juu ya hilo. Shuleni hata masista wananiuliza.

Jumamosi, 25 Januari

Mama Virginie, mke wa Papa Jérôme, alipita bila kubisha hodi akiwa na mafuta ya mawese. Alimkuta Élisée mguu ukiwa wazi, kitambaa cha moto juu ya goti. Alisimama. Akaweka mawese chini akatoka. Nilimfuata nje nikamshika mkono.

"Mama, nakuomba."

"Mimi nilileta mawese," akasema, akaenda.

Siku zote nilimwona mwenye majivuno. Sasa tumo mikononi mwake.

Jumamosi, 8 Februari

Komite inajua. Angélique amesikia kwa mume wake kwamba wanasema "goti la Élisée limekufa".

Nilikwenda moja kwa moja bombani, nikamkuta Mama Virginie anajaza ndoo, na mbele ya wanawake wote nikamwambia kwamba mafuta yake ya mawese yalikuwa ya kutupeleleza. Hakuinua sauti. Alifunga bomba kwanza.

"Mama Sera, mimi nimelala na ile neno katika kitanda kimoja na prezida, na sikumwambia. Uliza baba wa ubatizo wa mutoto wako."

Nilirudi na ndoo tupu.

Jumapili, 9 Februari

Ni François. Hakukataa. Aliona tangu siku ile kwenye simenti, anasema, kwa sababu Élisée alirudi nyumbani bila kuinua kisigino. Alingoja Élisée amwambie. Wiki zikapita. Komite ilipopanga mchezo wa majaribio ili kumwonyesha Élisée kwa watu, akawaambia.

"Umemuuza," nikasema.

"Anaweza kutembea maisha yake yote, ao anaweza kucheza mara moja tena. Uchague wewe."

Nilimfungia mlango.

Jumatatu, 10 Februari

Nimekwenda kwa Mama Virginie kuomba msamaha. Alinipa kiti. Hakukipangusa.

Jumapili, 16 Februari

Nataka kuandika yote ya leo kabla hayajachanganyika na yale ambayo watu watasimulia.

Baada ya misa komite iliita mkutano katika sale, ukumbi wa parokia. Adalbert alikuwa ameshuka na masua, akiwa na kontra yake. Papa Jérôme alikuwa na yake. Watu walijaa mpaka madirishani: wa bandari, wa gari la moshi, wavuvi wa kwetu. Élisée aliketi mbele peke yake. Nami nilisimama nyuma na Séraphine mgongoni.

Papa Jérôme alisema Éclair ilimlea mtu huyu na haiwezi kumwachilia bila barua ya ruhusa. Adalbert alisema kwa upole wake kwamba tarehe inasema yenyewe. Kelele zikapanda. Mmoja akapaza sauti: "Na goti?"

Hapo niliona jambo la ajabu. Wote wawili, Papa Jérôme na Adalbert, walitaka jibu lile lile. Mmoja akasema ni uvumi wa maadui. Mwingine akasema ni uvumi wa watu wanaotaka kumbakiza. Kisha Adalbert akasema, "Kiwanja kiko hapo nje. Atuonyeshe, tumalize."

"Njo hivyo," akasema Papa Jérôme. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia wawili hawa wakipatana.

François alisimama. "Mumuache. Ataumia."

Watu wakamzomea. Walisema anataka nafasi ya Élisée. Élisée akainuka. "Niko muzima," akasema. "Muje muone."

Watu walitoka mbio kama kwenye sinema. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha na simenti inang'aa. Mtu akamrushia mpira. Élisée aliupiga chini mara kadhaa, akatupa toka mbali, ukaingia. Wakashangilia. Akatupa tena, ukaingia. Mikono yake haijawahi kuugua.

"Ruka!" wakapiga kelele. "Ruka sasa!"

Alirudi nyuma ili kuchukua mbio. Nilimwona usoni. Namjua akiogopa, mdomo wake unakuwa mwembamba. Na hakuna mtu pale, kati ya wale wanaompenda na wale wanaomtaka, aliyekuwa anatazama uso. Wote walitazama miguu.

Nilimpa Angélique mtoto. Nikaingia kiwanjani na viatu vyangu vya misa. Kelele zilipungua kidogo kidogo, maana watu hawakuelewa. Nilifika mbele yake nikautoa mpira mikononi mwake. Hakuushikilia.

"Papa Sera," nikasema, "kaa."

Alinitazama. Nilidhani atanisukuma mbele ya mji mzima. Akakaa pale pale kwenye maji, mguu wa kushoto umekunjwa, wa kuume umenyooka mbele yake, kwa sababu haukunjiki. Kila mtu akaona.

Nikawageukia. Mimi nimezoea kusema na watoto wa miaka sita, kwa hiyo nilisema polepole.

"Goti lilivunjika ndani tangu Desemba. Hakuna uvumi. Hawezi kupanda ngazi ya biro yenu bila kushika ukuta. Alitia sahihi pande mbili kwa sababu aliogopa, na mimi kwanza nilijua moja tu, nikafurahia bati. Mmezozana miezi yote hii kama mko sokoni. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama anaumwa."

Papa Jérôme aliitazama kontra yake, ikilowa. Adalbert aliikunja ya kwake akaitia mfukoni. Watu walianza kuondoka bila kuagana. François alikuja, akapitisha mkono wa Élisée shingoni mwake, nami nikachukua upande wa pili. Tulikwenda nyumbani hivyo. Njiani Élisée alilia, bila sauti. François alitazama mbele.

Jumatatu, 17 Februari

Nimefundisha herufi *b*. Sikuulizwa kitu.

Alhamisi, 20 Februari

Hospitali. Daktari alilizungusha goti, Élisée akauma shati. Kuna kitu cha ndani kilichopasuka. Apumzike, atatembea, labda atachechemea. Mpira basi.

Tuliporudi tulimkuta Papa Jérôme mlangoni, amesimama. Mizani anaweza kuendelea nayo, akasema, kazi hiyo anaifanya akiwa ameketi. Lakini nyumba ni ya wachezaji, na komite inaitaka baada ya Pasaka. Alisema hayo akitazama ukuta.

"Ningeweza, ningekuacha humu," akasema.

Élisée alimshukuru. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali tangu Novemba. Sikuyatumia.

Jumamosi, 29 Februari

Tumetazama chumba huko mtaa wa Kataki. Ukuta umepasuka, maji yanapita mbele ya mlango.

Jumapili, 8 Machi

Adalbert amerudi na masua. Nilidhani anataka kitambaa chake, nikakitoa. Akakataa kwa mkono.

Alikaa, safari hii akanielekea mimi. Dada yake mkubwa anaongoza shule ya wasichana huko Usumbura. Mwalimu wa mwaka wa kwanza ameolewa na kwenda zake. Mahali ni pangu nikitaka, kuanzia baada ya Pasaka, na nyumba ya vyumba viwili nyuma ya shule.

"Kwa nini mimi?" nikauliza.

"Niliona watu wazima wengi wakinyamaza uliposema polepole. Dada yangu ana darasa la watoto sitini."

Nilimwambia kwamba Novemba alisema ningepumzika. Alikuwa na haya. "Nilisema kama mupumbavu," akasema.

Aliweka kontra mezani. Niliisoma yote, kisha nikaisoma tena. Iliandikwa kwamba nyumba hutolewa "kwa mwalimu pamoja na mume wake mwenye kazi". Nikamwambia maneno ya mwisho yafutwe, na kwamba nyumba ni ya mwalimu. Akaomba kalamu akayafuta, akaweka jina lake pembeni. Sijatia sahihi bado.

Ijumaa, 13 Machi

Mji umeipata habari. Sokoni muuza chumvi anasema niende, kinyozi anasema nibaki. Wamebadilishana mahali, hawajui. Wengine wanasema habari za upande wa Uvira si nzuri, vijana wanakusanyika milimani, na kupanda kaskazini sasa ni wazimu. Wengine wanasema mke hamhamishi mume. Angélique ananitazama kama nimeshaondoka.

Jumapili, 22 Machi

Matawi. Papa Jérôme alikuja na Mama Virginie. Éclair inataka Élisée awafundishe vijana, na kwa ajili hiyo nyumba inaweza kubaki. Ilionekana wazi ni nani aliyemsukuma, maana Mama Virginie alimtazama mpaka alipomaliza.

"Basi, Élisée," akasema Papa Jérôme, "mwambie Mama Sera aache maneno ya Usumbura."

Élisée alikuwa anamchambulia Séraphine samaki. Hakuinua kichwa.

"Papa, yeye ni huyu hapa. Muulize mwenyewe."

Papa Jérôme akageuza kiti, kikapiga kelele sakafuni, akanielekea.

"Mama Rosalie," akasema. Hajawahi kuniita jina langu. "Wewe unataka nini?"

Mtu wa kwanza. Tangu mvua za kwanza, huyu ndiye mtu wa kwanza kuniuliza, na ni yeye. Nilikuwa na majibu mengi usiku na mchana, na sasa nilihitaji kutafuta.

Nikamwambia nataka kulala katika nyumba ambayo haitegemei goti la mtu. Nikamshukuru kwa bati. Nilimaanisha.

Aliitika kwa kichwa. Mama Virginie alinishika goti chini ya meza.

Walipoondoka nilimuuliza Élisée kama ataona haya, kuishi kwa kontra yangu. Alifikiri. "Nitaona," akasema. "Kisha itapita. Kule kuna magala pia, kuna mizani. Na kuna vijana wasiojua kutupa mpira."

Nilitia sahihi mbele yake.

Jumatatu, 30 Machi

Jana Pasaka. Leo nimewaaga masista. Wanafunzi waliimba. Nililia kidogo.

Ijumaa, 3 Aprili, ndani ya masua

François alibeba godoro kichwani toka nyumbani mpaka bandarini, akakataa msaada. Alimbusu Séraphine, akamkumbatia Élisée shingoni. Kwangu mimi alinyoosha mkono kwa woga. Niliushika kwa mikono yangu yote miwili nikamwambia alifanya vizuri, na kwamba nilichelewa kuona. Akasema, "Muandike mukifika."

Papa Jérôme alikuwapo, kwa kazi yake, akahesabu magunia. Aliinua kofia kutuaga.

Sasa milima ya Albertville imeshuka nyuma. Ziwa limetulia baada ya mvua. Élisée amekaa juu ya godoro, mguu umenyooshwa, anamwonyesha mtoto upande ilipo Baraka, kwa babu yake. Jumatatu asubuhi nitaingia darasani. Watoto sitini, na sijui jina la hata mmoja. Nimeanza kuogopa, kama mtu yeyote anayekwenda kazini.